Paja Lililozikwa Lusu

Njooni hapa, nyie mnaofanya kazi kwenye hospitali za siku hizi. Wewe mrefu, sogeza kigoda, unanizibia upepo. Nasikia sasa mtu anapigwa picha hapa Tabora, daktari wa kuisoma yuko Dar kwake anakunywa chai, na bima imeshalipa kabla mgonjwa hajavaa shati. Vizuri sana. Na bado mnalalamika! Bibi, bima wamerudisha madai. Bibi, fomu imekosewa. Bibi, kesho anakuja mkaguzi, tumbo linanikata.

Tumbo la mkaguzi nalijua mimi. Mkaguzi wa kwanza niliyekutana naye maishani nilimwona kwa macho haya akishika jembe na kufukua paja la mtu. Na mwenye paja yuko hai, amesimama pale pale anatazama. Msicheke sasa. Pa kuchekea nitawaonyesha nikifika.

Mimi ndiye Zuhura, mzaliwa wa Cheyo. Shule sikusoma. Shule nilikuwa napita nje yake nimebeba sinia la vitumbua, na nilijua kengele zote kuliko mwalimu mkuu, maana kengele ya mapumziko ndiyo ilikuwa mshahara wangu. Eksirei niliingia kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyekimbia. Hospitali ile ilikuwa ya misheni, jina tuliache. Mwanamke kaletwa apigwe picha ya kifua, kaambiwa na mwanaume avue blauzi. Weee! Alitoka mle ndani kama swala, akapita sokoni, akapita stesheni, wanasema walimkamata anakaribia Itigi. Sista Klara, mkuu wa hospitali, akaona hapa bila mwanamke mwenzao hatutapata kifua hata kimoja. Mimi nilikuwa getini na sinia langu.

"Wewe mama, unaogopa giza?" akaniuliza.

"Sista, mimi nimeolewa na mwanaume mweusi na taa hatuna. Nitaogopa giza gani?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kesho yake nikaanza kazi.

Mashine yetu, wajukuu zangu, ilikuwa kubwa. Ukitaka kujua ukubwa wake, chukua kichwa cha treni, kisimamishe wima. Ikiwashwa, taa za nusu ya mji zinafifia, mbwa wanabweka mpaka Ipuli, na kuku wanaingia bandani wakidhani jua limezama. Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Fundi Yohana, Mmoravian wa Sikonge, mwembamba hivi, ukimtazama ubavuni unaweza kumsoma mifupa bila mashine. Mtu mpole, na alikuwa na ulemavu mmoja mkubwa: hajui kusema uongo. Ukimuuliza, "Fundi, nimependeza?" anakuambia.

Fundi Yohana ndiye aliyenifundisha chumba cha giza. Filamu unaizamisha kwenye dawa ya kwanza, unangoja picha ijitokeze, unasuuza, unazamisha kwenye dawa ya pili ya kuikamata, halafu unaosha na kuanika. Shida ni kujua imeiva lini, maana saa ya ukutani iliharibika na spea haikuja, miaka ile spea ilikuwa ikitafutwa kama mtoto aliyepotea. Yeye akipimia kwa tenzi za kanisani kwao. Beti mbili, picha imeiva. Beti tatu, imekuwa mkaa. Mwezi wa kumi, joto limepanda na dawa imechemka yenyewe, ubeti mmoja unatosha. Mimi Mwislamu wa watu nikazijua tenzi za Wamoravian zote, na mpaka leo nikipita karibu na kanisa lao wakianza kuimba, mkono wangu unatafuta ndoo.

Jambo la pili alilonifundisha: mvue mtu kila kitu. Asikuambie "hiki hakina neno". Alikuja mzee mmoja kutoka huko Uyui, maumivu ya bega. Shati katoa, kofia katoa, hirizi ya mkononi kagoma. Eti ndani mna unywele wa simba, aliununua kwa mganga kwa mbuzi mzima, akiivua tu simba atajua. Fundi Yohana akasema, haya, tumpige nayo. Nikaimba beti zangu mbili, nikatoa filamu, nikainua kwenye taa. Bega zima, halina ufa. Ila pale penye hirizi pana nati ya baiskeli. Nati! Mzee akaitazama picha muda mrefu, akavaa shati, akaenda zake. Baada ya wiki alirudi kutushukuru, kamfunga kamba mbuzi wake aliyemrudisha kutoka kwa mganga. Nikamwambia Fundi, sisi ndio hospitali pekee nchi hii ambayo mgonjwa analipwa.

Na kulikuwa na beji. Kila anayefanya kazi karibu na mashine anavaa beji kifuani, ndani mna kipande cha filamu, kinapelekwa Dar kikasomwe kama mwili umekula mionzi mingi. Ilikuwa sheria, na Fundi alikuwa mkali kwa sheria ile kuliko mlango wa bati. Sasa mlinzi wetu, Kasanda, naye alipewa maana alikuwa akitusaidia kubeba wagonjwa. Kasanda akasikia ndani ya beji mna picha. Akajiuliza, picha ya nani? Akaifungua juani, akakuta kipande cheusi, akasikitika, akafunga. Barua ikatoka Dar mbio mbio: mtu huyu ameungua, apumzishwe haraka! Kasanda akapewa likizo ya malipo, akaenda kwao kulima karanga, akarudi kanenepa. Kuanzia hapo Fundi ilibidi abebe beji zote mfukoni mwake, maana hospitali nzima, mpaka mpishi, walitaka kuona picha ya nani iko ndani.

Haya, tuje kwenye malipo, ndiko kunakowauma.

Sisi tulikuwa misheni, filamu tunanunua kwa pesa yetu Dar. Mgonjwa wa kawaida alilipa alichonacho. Kuku, kibaba cha karanga, asali ya miombo. Sista Klara alikuwa na banda la kuku nyuma ya ofisi, tukiliita benki. Lakini mwanachama wa ushirika wa pamba akiumia kwenye kazi ya ushirika, ushirika ndio ulilipa, na hela ile ndiyo iliyotununulia filamu za msimu mzima.

Ushirika ulikuwa na sheria yake: hatulipii maneno, tuonyesheni picha. Serikali nayo ina yake: picha isitangetange, ikae mahali pakavu, na iandikwe kitabuni imehifadhiwa wapi. Na mgonjwa ana ya kwake, aliyoachiwa na babu zake: mifupa yangu hailali kwa watu baki. Picha moja, wenyewe watatu! Fundi Yohana alijaribu kuwaridhisha wote. Akiwapa wagonjwa picha zao wakamwonyeshe mganga wa zahanati ya kwao, anawaapisha warudishe. Wengi walirudisha. Baadhi walirudisha zimetobolewa matundu ya kutundikia.

Msimu mmoja, miaka ile ya baada ya Azimio, pamba ilikuwa nyingi na ajali nazo nyingi. Madai yetu yakaenda ushirika, kimya. Filamu zikaisha, likabaki boksi moja. Muuzaji wa Dar kasema hatumi kitu mpaka alipwe. Sista Klara akatuita.

"Ushirika wanaleta mkaguzi," akasema. "Akiridhika, tunapata filamu. Asiporidhika, boksi hili likiisha nafunga chumba. Yohana utarudi Sikonge. Zuhura..."

"Mimi sinia langu nimelitunza, Sista."

Nilisema hivyo kwa mzaha, lakini nilipotoka nilipita wodini. Palikuwa na watu wamelala na mifupa yao wanangoja zamu. Mama mmoja, kiuno kimeteguka, akaniuliza, "Zuhura, na mimi nitafikiwa?" Nikamwambia utafikiwa. Nikaenda nyuma ya benki ya kuku nikasimama peke yangu.

Mkaguzi akaja na treni. Mtu mfupi, safi, tai shingoni, shati la mikono mifupi limenyooka kama limepigwa pasi na yeye akiwa ndani, mkoba kaubana kwapani. Akajitaja, Ndugu Mwinyimvua, kwao Kisarawe. Aah! Nikafurahi. Mzaramo! Nyie wa siku hizi hamjui: Mnyamwezi na Mzaramo ni watani toka enzi za misafara. Babu zetu walitoka hapa na pembe za ndovu mabegani mpaka pwani, wakafika kwao wamechoka, wakatukanana mpaka wakapendana. Nikamwendea na mikono miwili.

"Karibu Unyamwezini, mtani! Umekuja kutulipa deni la maji mliyowauzia babu zetu?"

Hata jino hakutoa.

"Mama, mimi hapa ni mkaguzi. Utani tutafanya siku tukikutana msibani."

Basi, nikarudisha mikono yangu. Akakaa mezani na kitabu chetu cha wagonjwa.

"Nimeambiwa hospitali nyingine zinadai picha ambazo hazikupigwa," akasema. "Sitakagua zote. Nafumba macho, naweka kidole. Picha nitakayoigusa mnipe. Nikiiona, ushirika unalipa madai yote. Nisipoiona, hatulipi hata moja."

Akafumba macho kweli. Kidole kikazunguka hewani kama mwewe, kikashuka. Akafumbua, akasoma.

"Shija Masanja. Lusu. Paja la kulia. Aliangushwa na marobota ya pamba."

Nikasikia Fundi Yohana nyuma yangu anaanza kuimba tenzi, na mkononi hana filamu.

Maana picha ile haikuwepo. Stoo ilikuwa na mapaja mengi, mapaja ya kumwaga, lakini la Shija halikuwemo. Siku Shija anaruhusiwa, mama yake, Mama Kabula, alimlilia Fundi ampe picha aende nayo. Fundi akampa, akamwapisha. Walipokuja kufunguliwa plasta, picha hawakuja nayo. Fundi akauliza iko wapi. Mama Kabula akajibu kwa upole, "Iko nyumbani, Fundi. Inapumzika." Sisi tukadhani ni namna yake ya kusema.

"Haipo," Fundi Yohana akamwambia mkaguzi. Mtu mwingine angesema inapanguswa vumbi, inakuja. Yeye: "Haipo. Nilimpa mama yake kwa mkono huu. Iko Lusu."

Mkaguzi akafunga kitabu. "Treni yangu ni kesho jioni. Kaileteni."

"Tutakwenda alfajiri na gari la hospitali," nikadakia.

"Na mimi nakwenda nanyi," akasema. "Mkienda peke yenu mnaweza kupiga paja lingine njiani."

Alfajiri tukaondoka. Fundi anaendesha, mkaguzi mbele, mimi nyuma na tairi la akiba. Barabara ya Nzega wakati ule mashimo yake yalikuwa na majina. Nilirushwa juu, nikashuka, nikarushwa, vumbi likaingia mpaka ndani ya mawazo. Mkaguzi njia nzima mkoba kaukumbatia kama mtoto mchanga. Jua la saa nne tukawa Lusu.

Mama Kabula alikuwa uani anapepeta mtama. Shija mwenyewe yuko pembeni kainamia baiskeli, kijana wa miraba minne, akanyanyuka kutupokea, mguu safi, kachechemea kidogo tu kwa heshima ya hospitali.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu mama yake kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka. Karibuni. Zuhura, umekonda."

"Ni barabara yenu. Nilitoka Tabora mnene."

Tukapewa viti, tukapewa maji. Nikamweleza taratibu: huyu Ndugu ni wa ushirika, anataka kuiona picha ya Shija, akiiona hospitali inalipwa, asipoiona chumba chetu kinafungwa. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaweka ungo chini.

"Picha ipo. Imelala kule."

Akaelekeza kwa midomo. Nyuma ya nyumba, kando ya ua wa mnyaa, palikuwa na kituta kidogo kimefagiliwa vizuri, kimezungushiwa mawe.

Mkaguzi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama, umezika picha?"

"Sikuzika picha. Nimezika mguu," Mama Kabula akasema. "Si mguu uliovunjika ndio ule? Huu wa Shija umepona, anautembelea. Sasa ule uliovunjika nikae nao ndani, unanitazama nikipika? Mguu ukikatwa unazikwa. Na ule tumeuzika, tumelia, tumekaa matanga siku moja, kwa kuwa ni mguu tu si mtu mzima. Toka hapo Shija hata ganzi hapati."

"Mama," Fundi Yohana akajaribu, "ile ni filamu, si mguu."

"Fundi! Wewe si ndiye uliyenyanyua kitu kile kwenye taa ukaniambia, 'Mama, huu hapa mguu wa mwanao, umevunjika hapa'? Ulinidanganya?"

 Mtu asiyejua uongo ukimshika hapo umemmaliza.

Ikabidi aitwe balozi wa nyumba kumi, Mzee Lutonja, mtu wa ndevu nyeupe na beji ya chama. Akaelezwa. Akazunguka kituta mara moja, akarudi.

"Ndugu Mkaguzi, chama hakikatazi kufukua," akasema. "Lakini mila ya hapa inakataza. Wenyewe wakifukua walichozika, shimo linabaki wazi, nalo litataka kujazwa. Mama huyu hawezi. Shija hawezi. Mimi jirani siwezi. Na hawa wa hospitali tumeshawahesabu ndugu."

"Kwa hiyo hakuna mtu anayeweza?" mkaguzi akauliza, ameshaanza kufungua mkoba kutafuta kalamu. Nikaona chumba chetu kinafungwa pale pale uani, namwona yule mama wa kiuno, nalisikia sinia linaniita.

"Yupo," akasema Mzee Lutonja. "Mtani. Mtani kwetu hana mkosi. Ndiye anayechimba, ndiye anayemcheka maiti, ndiye anayejilaza kaburini akasema hatoki mpaka alipwe. Angekuwepo mtani, tungekuwa tumeshamaliza. Lakini hapa Lusu tutampata wapi saa hizi?"

 Kuku anaparura. Mimi nikageuza shingo polepole, nikamtazama Ndugu Mwinyimvua wa Kisarawe. Fundi Yohana akamtazama. Shija, ambaye hata hakujua kisa, akatufuata naye akatazama. Mkaguzi akatazama viatu vyake.

"Ndugu," nikamwambia kwa adabu, "ulisema utani tutafanya tukikutana msibani."

Mzee Lutonja akauliza, "Kwani huyu kabila gani?"

"Mzaramo," nikasema.

Wallahi nawaambieni, kijiji kilipiga kelele kama pamba imepanda bei! Mama Kabula akaruka, akamshika mkaguzi tai. "Mtumwa wangu! Umekaa kwenye kiti changu, unakunywa maji yangu, umenyamaza! Inuka ukachimbe!"

Sasa hapa ndipo mwanaume yule alipobadilika. Nilidhani atakasirika, atapanda gari. Akauweka mkoba kitini. Akafungua tai, akampa Shija amshikie. Akakunja suruali. Nikaona kitu kinapanda usoni kwake toka mbali, kama mtu aliyesikia ngoma ya kwao.

"Leteni jembe, nyie wabeba pembe!" akapaza sauti. "Nchi gani hii? Mmemaliza kuzika watu sasa mnazika mapaja! Mwakani mtazika kikohozi, mtaniita nije kukifukua!"

"Chimba wewe!" Mama Kabula akamjibu. "Mzaramo jembe analijua kwa kuhadithiwa. Mkono huo umezoea kupiga ngoma, angalia usiipige ardhi yangu ikacheza!"

"Babu yako alibeba pembe kutoka hapa mpaka Bagamoyo, akaitua, akauliza, 'Hivi ndovu mwenyewe anakuja lini?'"

"Na babu yako akamjibu, 'Yuko nyuma, nipe hela nikamwite!'"

Watu wamejaa uani, wanashika mbavu. Jembe likashuka kwenye kituta. Shija akapiga yowe: "Aaah!"

Mkaguzi akasimamisha jembe hewani. "Imekuuma?"

"Hapana," Shija akasema, kashika paja. "Nilifikiri itauma."

Hapo ndipo pa kuchekea, wajukuu zangu. Hapo mnaruhusiwa.

Hakuchimba sana. Kilitoka kifurushi cha mfuko wa nailoni wa mbolea, umefungwa kamba. Ndani yake kitambaa cheupe cha marekani. Ndani ya kitambaa, filamu. Mama Kabula alikuwa ameihifadhi vizuri kuliko sisi. Stoo yetu ilikuwa inavuja. Mkaguzi akaipokea kwa mikono miwili, akaisimamisha juani. Paja lile, mfupa umekatika na kupandana, jina la hospitali yetu pembeni, na namba. Akafungua mkoba kwa mkono wenye udongo, akalinganisha na karatasi ya madai.

"Ndiyo yenyewe," akasema taratibu. Kisha akamgeukia Mama Kabula, na sauti ya utani imekwisha. "Mama, ulivunjika vibaya huu mguu."

Mama Kabula akaitazama picha. "Ndiyo maana niliuzika, mwanangu."

 

Lakini mtani akichimba anachukua ujira. Mama Kabula akamkamata jogoo wake mwekundu, mkubwa kama mbuni, akamwekea mkaguzi mikononi. Mkaguzi akamrudisha kama ameshikishwa kaa la moto.

"Siwezi. Mkaguzi haruhusiwi kupokea kitu."

"Na mtani haruhusiwi kukataa," Mzee Lutonja akasema. "Akikataa ameacha deni na mkosi."

Mtu mmoja, sheria mbili, jogoo katikati anapiga kelele. Mkaguzi akafikiri. Akasema, "Mimi mtani nimempokea. Na sasa nampa jogoo wangu kijiji kizima, apikwe hapa hapa, kila mtu aonje, na mkaguzi ale mchuzi tu." Balozi akakubali, huo ndio ujamaa wenyewe. Mimi nilipata paja. Nililila kwa tahadhari, kijiji kile sikukiamini tena.

Tulipokwisha kula, Fundi Yohana akasimama achukue picha tuondoke. Mama Kabula akaweka mguu mbele yake.

"Mmeuona. Sasa mrudishe mlipoutoa."

Fundi akamtazama mkaguzi. Mkaguzi akatoa muhuri wake mkobani, akaupulizia pumzi, akagonga pembeni mwa filamu: IMELIPWA. "Kazi yangu ni kulipa," akasema. "Kuhifadhi ni kazi yenu." Kisha akashika jembe tena, akaifunga kwenye kitambaa, akaifunga kwenye nailoni, akaizika mwenyewe, na akaacha tusi moja la mwisho kwa babu zetu ambalo siwezi kulisema mbele yenu.

Hela ikaja. Filamu zikaja na treni, maboksi kwa maboksi. Wa kwanza kupigwa alikuwa yule mama wa kiuno. Nilimwimbia beti mbili kwa sauti kubwa mpaka Sista Klara akaja kuchungulia kama nimebadili dini.

Fundi Yohana alibaki na tatizo moja. Kitabu cha serikali kina nafasi ya kuandika picha imehifadhiwa wapi, na yeye uongo hajui. Akakaa, akavuta pumzi, akaandika kwa mwandiko wake wa kanisani: *Lusu, kwa Mama Kabula, chini ya ardhi. Mahali pakavu.*

Ikapita miaka. Siku moja akaja mkaguzi wa serikali, kijana msomi, mstaarabu, anapima kuta na anauliza beji. Kila kitu sawa. Akafungua kitabu, akapitisha kidole, kidole kikasimama. Akasoma. Akasoma tena.

"Mama," akaniita, "hii ya chini ya ardhi ni nini?"

"Ni paja, mwanangu. Limelala."

"Nahitaji kuliona."

"Hakuna neno, gari lipo, jembe lipo," nikamwambia. "Ila kwanza niambie, wewe kabila gani?"

Akashangaa. "Mchaga. Kwa nini?"

Nikamsogezea kikombe cha chai.

"Basi weka alama ya vema tu, baba. Wewe huliwezi."

Akanitazama, akakitazama kitabu, akamtazama Fundi Yohana ambaye hajui uongo. Fundi akatikisa kichwa kwa huzuni: ni kweli, hawezi. Kijana akanywa chai yake, akaweka vema.